Sijambo yangu ilivyoniponza

Jamani nimekaa kimya siku nyingi, meseji za "dada vipi umetupotea" zimejaa mpaka naona aibu kuzifungua, basi leo niseme tu mara moja maana nimechoka kujibu mmoja mmoja halafu kila mtu nampa stori nusu. Naishi kwa hela ya ulemavu ya serikali ya Uingereza. PIP (Personal Independence Payment). Siyo yote ya PIP, kuna vimasaa vyangu vya ukalimani wa simu nafanya nikiwa nimejilaza kwenye kochi, lakini bila hiyo hela kodi ya nyumba ingeshanishinda zamani.

Wengi mnajua nilikuja Uingereza 2004, nikabeba boksi kama kila mtu, halafu nikahamia kazi ya kuosha wazee na huko ndiko nilikozeekea mwenyewe. Mgongo ulianza 2019. Mzee mmoja alianguka bafuni usiku, mwenzangu wa shifti hakutokea, mashine ya kunyanyulia ipo ghorofa ya chini na lifti mbovu, nikamnyanyua peke yangu. Nikasikia kiunoni "tak". Nikamaliza shifti. Kesho yake nikaenda tena, si mnatujua sisi, mtu anaumwa huku anavaa viatu.

Maumivu yakipita miezi 3 madokta huku wanayaita sugu. Yangu yana miaka sita sasa. Nimepigwa MRI, nikaambiwa kuna diski imechakaa kidogo, ya kawaida tu kwa umri wangu, hakuna cha kupasua. Nilitoka pale nalia, na siyo kwa furaha. Mtu aliyevunjika mguu ana plasta, watu wanampisha kwenye basi. Mimi naonyesha nini? Vidonge vya amitriptilini vya usiku ambavyo asubuhi vinaniachia kichwa kizito kama nimejitwika gunia la mkaa, basi.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Kisomali tuliyekuwa tunakutana kwa fisio, kwenye mazoezi ya viungo. Mimi nilidhani beni, yaani hela za msaada wa serikali, ni za watu wasiotaka kazi, na nilikuwa nawasema kweli kweli, Mungu anisamehe. Akanambia hii PIP haiangalii una kazi au huna wala mshahara wako ni kiasi gani, inaangalia maisha ya kila siku yanakusumbua vipi. Ilianza 2013. Jina la ugonjwa halina pointi hata moja, pointi zipo kwenye kupika, kula, kuoga, kuvaa, kwenda choo na mengine, jumla shughuli 10 za nyumbani, na 2 za kutembea na kusafiri. Ukifika 8 unapata kiwango cha chini cha malipo, ukifika 12 cha juu, na nyumbani wanahesabu mbali na kutembea wanahesabu mbali.

Nisimame hapa kidogo maana najua wanaosoma wapo waliokuja juzi kwa viza za kea. Kama viza yako imeandikwa huna haki ya fedha za umma, USIGUSE hii kitu, utajiharibia makaratasi. Na hata mwenye uraia au ukaazi wa kudumu kwa kawaida anatakiwa awe ameishi huku miaka 2 kati ya 3 iliyopita, kwa hiyo uliyerudi nyumbani muda mrefu halafu umerejea majuzi, subiri kwanza.

Haya. Septemba 2022 nikapiga simu kuiomba, na hiyo tarehe ya simu ishikeni kichwani kwa sababu malipo yanahesabiwa kuanzia hapo hata kesi ikichukua mwaka. Fomu ikaja, nene kama mtihani wa fomu foo, una mwezi mmoja kuirudisha. Nikaiweka mezani wiki mbili sijaigusa. Nikampigia mama Tanga nikamweleza, mama yangu yupo Ngamiani pale miaka yote, akasema mwanangu usijitabirie mabaya, maradhi ukiyataja sana yanasikia, wewe ukiulizwa sema unaendelea vizuri na Mungu atatia mkono wake. Nikamwitikia "ndiyo mama" na kweli nikaandika hivyo. Kila kisanduku najitahidi, napata shida kidogo, nikipumzika nikimeza dawa naweza. Baadaye nilikuja kuhesabu neno "kidogo" kwenye kopi yangu. Mara kumi na moja.

Usaili ukawa kwa simu. Nilikuwa nimelala sakafuni, miguu juu ya kiti cha jikoni, maana siku ile mkao mwingine wowote nilikuwa siuwezi, simu nimeiweka spika kifuani. Dada wa upande wa pili ana sauti nzuri mno, akaniuliza, unaendeleaje leo? Mimi na adabu zangu za Tanga nikajibu sijambo mama, namshukuru Mungu, na wewe je hujambo? Kwa Kiingereza lakini. Nikacheka na nini.

Ripoti ilivyokuja, mstari wa mwanzo kabisa wa maoni yake: alisema yuko vizuri, aliongea kwa uchangamfu, hakuonyesha dalili ya maumivu. Sakafu haikuandikwa. Atajuaje, na mimi sikusema.

Hebu fikirieni, sisi mtu anaweza kuwa anazikwa kesho ukimuuliza hujambo anakujibu sijambo. Ukishasema "sijambo" ndipo unapata ruhusa ya kueleza kwamba mtoto ana homa na bati limeezuliwa na upepo. Kwao wao umeshajibu swali, kalamu imeshaandika.

Kosa la pili lilikuwa la kiburi. Waliniuliza kama nahitaji mkalimani nikasema sihitaji, miaka yote hii nimwitie nani mkalimani! Sasa likaja swali la maumivu kutoka 1 mpaka 10. Nikasema 6. Kwa nini 6? Kwa sababu nimezaa, najua 10 ikoje. Halafu akataka nieleze yanafanyaje, nikabaki na neno moja la Kiingereza, linauma. Kwa Kiswahili ningempa kila kitu, ningemwambia usiku kunapwita, alfajiri kunakaza, nikisimama jikoni kunachoma kuanzia kiunoni kunashuka mpaka kisiginoni kama mtu ananipitishia waya wa moto, mguu ukishachoka kuchoma unakufa ganzi naweza kuvua ndala moja njiani nisijue. Haya yote niliyabeba tumboni nikasema "linauma".

Barua ikasema nyumbani pointi 4, kutembea pointi 4. Hakuna kitu. Nikaomba waangalie upya, hiyo nayo una mwezi mmoja, wakarudisha majibu yale yale. Hapo ndipo wengi tunapoacha, na mimi nilishaacha moyoni, ila yule mama wa Kisomali akanikokota mpaka Citizens Advice, shirika la kuwapa watu ushauri bure.

Nikapewa mzee mmoja wa kujitolea, mstaafu, anaongea polepole. Akasoma fomu yangu yote kimya, akavua miwani, akaniuliza, hii fomu uliandika wewe au jirani yako anayekuchukia? Tulicheka sana. Kisha akanifundisha jambo ambalo ningelijua mapema nisingefika pale. Sheria haiulizi unaweza au huwezi. Inauliza unaweza bila hatari, kwa namna inayoridhisha, tena na tena kila inapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya muda wa mtu mzima wa afya? Likikosekana moja tu kati ya hayo, huwezi. Na iwe hivyo zaidi ya nusu ya siku zako. Akasema nenda nunua daftari, andika wiki tatu, usiandike kidogo wala sana, andika dakika.

Lile daftari bado ninalo, nawatolea kipande:

"Jumatatu. Nimeamka saa 12, nimetoka kitandani saa 1 kasorobo. Kuvaa soksi dakika 9, ya kushoto nimeiacha. Mchana nimesonga ugali wa mtu mmoja nimekaa kwenye kile kiti kirefu, nimepumzika mara mbili, mara ya pili umeshika chini. Nimeula hivyo hivyo. Jioni sikupika, chai na mkate. Kuoga hapana."

"Jumanne. Kitandani."

Hiyo ya Jumanne mzee aliitazama muda mrefu kuliko zote.

Tukakata rufaa, kesi ikasikilizwa Novemba 2023. Huku wanaita traibunali, mimi nilijiandaa kukuta mahakama ya kwenye runinga na mawigi, kumbe chumba kidogo tu, meza, jagi la maji, watu watatu, jaji mmoja, daktari mmoja, na mmoja anayejua mambo ya ulemavu. Safari hii nikaomba mkalimani, ni bure. Wakaniletea kaka mmoja kutoka Goma. Mtu mzuri sana, lakini Kiswahili cha Goma na cha Ngamiani jamani! Nikasema mgongo unapwita, akanigeukia, "unafanya nini mama?" Akaomba ruhusa kwa jaji anifafanulie, nikamgongea mezani kwa kidole, pwi, pwi, pwi, hivi usiku kucha. Wote watatu wakawa wanakitazama kidole changu. Sijui kama kuna neno la Kiingereza lingefanya kazi ile.

Daktari akauliza kuhusu kupika, nikaeleza kusonga ugali, kwamba ile siyo kukoroga, unasimama unaegemeza mwili mzima kwenye mwiko, na sasa nasongea nimekaa na bado unanishinda. Akauliza, ukishapika mchana, jioni unaweza tena? Nikataka kusema najitahidi. Neno lilishafika mdomoni kabisa. Nikasema hapana.

Tulitolewa nje nusu saa, tukaitwa. Nyumbani pointi 9, kutembea pointi 10 kwa sababu na fimbo yangu sifiki mita 50. Kiwango cha chini pande zote mbili, miaka 3, na malimbikizo tangu ile simu ya Septemba. Nilimshukuru kila mtu mpaka mlinzi.

Sasa kuishi nayo. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025 zilikuwa pauni 73.90 za nyumbani na pauni 29.20 za kutembea kwa wiki, zinaingia kila wiki 4 kwa pamoja, wakati ule pauni 412.40. Ukiipeleka kwenye shilingi ni hela ndefu, na hapo ndipo balaa, maana habari zilifika nyumbani kabla ya hela. Mdogo wangu akataka bajaji. Shangazi akauliza kwa upole kama hiyo "serikali ya huko" inachukua na watu wa huku wenye miguu mibovu. Hakuna aliyeuliza teksi ya kwenda hospitali ni shilingi ngapi au kupasha chumba joto Januari, na baridi ikiingia huu mgongo unajua kabla ya redio. Lakini imenipa vitu. Kiti cha kuogea. Binti wa kuja mara moja kwa wiki kufua na kupiga deki. Zile pointi 10 za kutembea zimenipatia na kadi ya buluu ya maegesho, nashushwa mlangoni.

Kuna la harusi pia. Mwaka jana nilikwenda harusi ya mtoto wa rafiki yangu, nikacheza nyimbo mbili, mbili tu, taarabu imenikuta na mimi ni mtu wa Tanga mnategemea nini. Wiki hiyo hiyo nikasikia maneno, si anakula hela ya ulemavu yule, mbona kiuno kinazunguka. Siku tatu zilizofuata nilikuwa kitandani, chooni naenda nimeshika ukuta, hizo hakuna aliyezipiga video. Nilitaka kuwajibu kwenye grupu nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta.

Nikienda Tanga kumwona mama hela ya PIP siikosi, unaruhusiwa kuwa nje mpaka wiki 13, ila ukizidisha 4 inabidi uwataarifu kabla. Nilikaa sita. Mama alinichua kwa mafuta ya karafuu kila jioni, na nilipomwambia kwa mdomo wangu kwamba mama huu mgongo hautapona, akaendelea kuchua bila kusema neno, akahamia upande wa pili.

Kinachonikosesha usingizi kwa sasa ni bahasha za kaki, zile za barua za serikali. Machi 2025 serikali ilitoa pendekezo kwamba kwa upande wa nyumbani lazima upate angalau pointi 4 kwenye shughuli moja. Zangu ni 2 kupika, 3 kuoga, 2 kuvaa, 2 choo. Hakuna 4. Kwa sheria hiyo siku ya mapitio, wakikagua upya kama bado nastahili, ningeanguka na pointi zangu 9 mkononi. Miezi ile nilikuwa nasikiliza bunge lao kama mpira, na Julai wabunge wao wenyewe walipochachamaa wakakiondoa kile kipengele kwenye muswada, wakasema PIP itapitiwa upya kwanza. Itapitiwa vipi, tutaona.

Na yangu ya mapitio imeshafika, wiki iliyopita, bahasha ile ile. Ipo mezani hapa pembeni ya simu. Safari hii nimeanza na daftari, fomu itafuata. Leo Alhamisi, soksi dakika 11, zote mbili.