Nilivyoiokoa nyumba ya bibi yangu, mtaa wa Kiponda

Ukuta wa ukumbi wa chini ulianza kutoka jasho. Miaka miwili kabla tulikuwa tumeupiga plasta ya saruji, nyeupe, laini, wageni wakausifu. Masika ya pili plasta ikavimba. Ukiigonga inalia tupu. Halafu ikaanza kudondoka kwa mapande, na kila pande likaondoka na jiwe lake.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe, Zanzibar, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa. Kuta za namna hii hunywa maji ya ardhini, zikayatoa taratibu kwenye hewa. Saruji huyafungia ndani. Yakikosa pa kutokea hupanda na chumvi yake mpaka kwenye vichwa vya boriti, na boriti ya mkoko huoza palepale ilipoingia ukutani, mahali jicho halifiki. Juu yake kuna dari nzima ya mawe na chokaa. Nilikuwa nimelala chini ya dari hiyo tangu utotoni.

Niseme kweli, nilijua haya na bado nikachelewa. Watu walinijua kwa shughuli: harusi, maulidi, sare za kanga, nani akae na nani, nani na nani wasikutanishwe. Nilikuwa na nafasi ya kila jambo ila la nyumba. Kilichonitoa kitandani ni Ijumaa ile ya tarehe 25 Desemba 2020, iliposhuka sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani wetu Sayyid Barghash mwaka 1883, na watu wawili wakapoteza maisha. Nilikwenda Forodhani nikasimama na wenzangu, hakuna aliyekuwa na neno. Niliporudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja kuzitazama boriti.

Shida ya kwanza haikuwa fundi. Tulikuwa warithi 14, na alikuwapo mnunuzi aliyetaka kuifanya hoteli. Nusu ya ukoo ulishakwisha kuigawa fedha kichwani. Nilimpigia mjomba wetu aliyeko Maskati, maana neno lake kwetu halipingwi.

"Shikamoo mjomba. Nipe mwaka mmoja tu."

"Marahaba mwanangu. Na mwaka ukipita nyumba iko vilevile?"

"Basi nitatia saini mwenyewe, wa kwanza."

Akanyamaza, kisha akaniuliza kama kile kidaka alichokuwa bibi akiwekea chetezo bado kipo. Kipo, nikamwambia. Siku ile aliwapigia wengine wote.

Fundi nilimpata kwa kuulizia msibani. Mzee huyu alijifunza chokaa akiwa kijana, kwenye ukarabati wa Zahanati Kongwe ya Tharia Topan, ile iliyofufuliwa na Aga Khan Trust for Culture miaka ya 1990. Alipapasa ukuta kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto.

"Mama, saruji hii itoke yote. Ukitaka nipake chokaa juu yake, bora nirudi nyumbani kwangu."

Tulichukua kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, tukaanza kubandua, polepole, kwa patasi na nyundo ndogo, maana ukipiga kwa nguvu unang'oa matumbawe. Kisha ukuta ukaachwa uchi miezi mitatu upumue. Majirani walidhani tumeishiwa. Muda huo chokaa ilikuwa shimoni. Mawe ya matumbawe huchomwa tanurini juu ya magogo, yakamwagiwa maji yakafumka. Mzee akailaza chini ya maji mpaka ikawa laini kama siagi. Kipimo chake ni chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga uwe umeoshwa chumvi. Hupakwa tabaka jembamba, likatiwa maji na kufunikwa magunia yaliyolowa, siku kadhaa, ndipo lije jingine. Mwenye haraka asianze kazi hii.

Boriti sita zilikuwa zimeoza vichwa. Kwetu upana wa chumba ni urefu wa boriti, kama mita tatu, kwa hiyo hakuna ujanja: boriti mpya ni lazima iwe nzima na iingie vyema pande zote mbili.

Fedha ndipo shughuli zangu zilipofaa. Mchezo wetu wa kupeana fedha kwa zamu una wanawake 24, elfu hamsini kila mwezi. Niliwaomba zamu ya kwanza, wakanipa na ya pili. Kisha nikaalika watu dua nyumbani, na kwenye mwaliko nikaomba asije mtu na tunzo. Aje na kiroba cha chokaa. Shoga zangu walikuja na buibui zao nzuri, wachukuzi nyuma yao na viroba vichwani. Tulihesabu 61.

Siku zilizonikaa zaidi ni za kupiga sakafu ya juu. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba zamani wanawake walipanda darini kwa ngoma wakaipiga siku tatu. Chokaa ikiachwa ikauke peke yake hupasuka. Ikipigwa ikiwa mbichi hushikana. Mzee alitugawia vibao, tukakaa safu mbili, tunarudi nyuma kidogo kidogo huku tunaimba zile zile za harusini. Asubuhi ya kwanza mlio ulikuwa mzito, kama unapiga unga. Siku ya tatu alasiri ulikuwa mkavu, wa juu, na mzee akainua mkono: imetosha. Shoga yangu mmoja, mwenye miaka 70 na kitu, alikataa kushuka mpaka amalize upande wake.

Mjomba alikuja baada ya miezi kumi na moja. Alivua viatu mlangoni, akapanda juu, akakaa sakafuni bila mkeka, akaomba kahawa. Neno la kuuza halikutajwa.

Sasa tumeshika nyumba ya jirani, ya mama mjane na mabinti wawili. Shimo la chokaa tulilifunika Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Tutalifungua baada ya Iddi, na vibao vyangu nimekwisha kuvitia mafuta.