Sufuria iliyobonyea

Sufuria niliyoichora Jumapili imebonyea ubavuni. Iliwaponyoka watu mikononi mwaka 2004, siku ya kipaimara cha kaka yangu, ikiwa imejaa machalari ya wageni, na tangu siku hiyo mfuniko wake haufungi vizuri. Nimeisugua kwa majivu tangu utoto. Kuitazama, sikuwahi.

Niliketi kwenye kigoda uani kwetu, Majengo, hapa Moshi, na penseli ya 2B. Nikaharibu karatasi tatu kwa sababu ya mdomo tu. Kichwani najua mdomo wa sufuria ni duara, basi mkono ukawa unachora duara, na sufuria ikawa kama imeinamishwa inimwagikie. Kumbe ukiitazama kutoka ubavuni, duara hujibana likawa kama yai jembamba. Kitako kiko chini zaidi ya macho, kwa hiyo mviringo wake hupanuka kuliko ule wa mdomo. Karatasi ya nne, sufuria ikatua chini.

Masizi yakaishinda penseli. Nikachukua kipande cha mkaa uliozimika kwenye jiko, nikapaka, nikasugua kwa kidole gumba. Weusi wenyewe ukaja: mzito kitakoni, ukififia kuwa kijivu kadiri unavyopanda, hadi ukingoni ambako alumini inang'aa kwa kusuguliwa miaka yote hiyo. Na ndani ya kile kibonyeo mwanga ulikuwa umetulia kama maji kiganjani. Nilikaa hapo muda mrefu, chai ikapoa.

Mfaransa Chardin, aliyefariki 1779, alichora vyombo vya jikoni enzi ambazo heshima kubwa ilipewa picha za vita na watakatifu. Mchoraji Morandi, kule Bologna, Italia, alirudia kuchora chupa na vikopo vyake hadi uzeeni. Nilikuwa nikijiuliza hawakuchoka? Sasa nina hamu ya kuichora sufuria hii hii asubuhi, jua likiwa upande wa pili.

Jioni nikamwonyesha mama. Akaifuta mikono kwenye kanga kwanza, ndipo akaishika karatasi.

“Mbona umekiacha kile kingine?”

“Kipi, mama?”

Akaenda jikoni, akaileta sufuria, na bila hata kuiangalia akapitisha kidole chini ya ukingo, upande ambao sikuuchora.

“Hiki. Hiki ni cha baba yako, akitwanga kitunguu saumu.”