Matanga Yasiyo na Kitambaa

Ami yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi mpaka magoti yalipomkataza kupanda chomboni, aliitazama picha niliyomwonyesha kwenye simu, akauliza kwa nini meli ile ina dohani mbili katikati ya sitaha ilhali injini iko tezi, yaani nyuma. Nilipomjibu kwamba si dohani bali ni matanga, alinikazia macho kana kwamba nimemtusi.

Meli yenyewe ilikuwa Maersk Pelican, meli ya mafuta ambayo mwaka 2018 ilifungwa nguzo mbili za kampuni ya Norsepower ya Finland, kila moja ikiwa na kimo cha mita 30 na kipenyo cha mita 5. Nguzo huzungushwa na mota ya umeme. Upepo unapoipiga kutoka ubavuni, upande mmoja wa nguzo huzunguka kuufuata upepo na upande wa pili huzunguka kuupinga, hivyo hewa hukimbia huku na kulegea kule, na tofauti hiyo ya msukumo huivuta meli mbele. Ndiyo kanuni inayoupinda mpira wa mchezaji hodari wa faulo, nayo hupewa jina la Mjerumani Heinrich Gustav Magnus, aliyeieleza mwaka 1852. Kwa kuwa ami hakuridhika na habari za mpira, niliviringisha karatasi ikawa bomba, nikaigandisha kwa gundi, nikaiacha ibingirike juu ya kitabu kilichoinamishwa ukingoni mwa meza. Badala ya kuangukia mbele, ilijikunja hewani ikarudi chini ya meza.

“Na upepo ukihamia ubavu wa pili?” aliuliza. Nguzo huzungushwa kinyume, basi. Hapana foromali, mti unaobeba tanga, ya kuhamisha wala baharia wa kukimbilia demani, kamba ya tanga.

Wazo hili lina umri wa karne moja. Mhandisi Mjerumani Anton Flettner aliivua meli Buckau matanga yake, akaisimamishia nguzo mbili mwaka 1924, na mwaka 1926 ikavuka Atlantiki hadi New York. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, yaani haliukabili upepo, lakini Buckau, ambayo kwa matanga ya kitambaa haikuweza kuukaribia upepo kwa pembe chini ya digrii 45, kwa nguzo ilifika digrii 20 hadi 30. Kilichoishinda ni dizeli, iliyokuwa rahisi mno kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuhangaika na upepo.

Kwenye Maersk Pelican, mwaka mmoja wa vipimo ulionyesha kwamba mafuta yalipungua kwa asilimia 8.2. Injini inabaki kuwa ndiyo inayoiendesha meli, na upepo wa omo, yaani wa mbele, hausaidii kitu. Hata hivyo, kwa chombo kinachochoma tani nyingi kila siku, asilimia nane si haba.

Kwa maoni yangu, kinachochelewesha jambo hili zaidi ni mikataba. Meli inapokodishwa kwa muda, gharama ya kufunga nguzo humwangukia mwenye meli, wakati anayenunua mafuta, na kwa hiyo anayefaidi akiba, ni yule aliyeikodi. Ndiyo maana naithamini zaidi habari ya Pyxis Ocean, meli ya Mitsubishi iliyokodiwa na Cargill, kampuni ya biashara ya nafaka, ambayo mwaka 2023 ilifungwa mabawa mawili magumu ya kusimama kama matanga, yenye kimo cha mita 37.5, na ambayo katika miezi sita ya kwanza iliokoa wastani wa tani 3 za mafuta kwa siku: hapo mwenye chombo na mwenye shehena walikaa meza moja tangu mwanzo.

Hilo ami alilielewa upesi kuliko habari za hewa. Alisema kwamba wao, safari ikiisha, walitoa kwanza gharama ya chakula, kisha nauli ikagawanywa mafungu, chombo fungu lake, nahodha lake, mabaharia yao, kwa hiyo tanga likichakaa hapakuwa na aliyeuliza linamhusu nani.