Plagi nyeusi tii, na mafundi wawili walionipoteza

Pikipiki yangu ni ya Kichina, injini ya mtindo wa CG125, plagi yake D8EA. Nilikuwa nabadilisha plagi kama kandambili. Asubuhi kiki kumi, ukiifungua unaikuta na masizi makavu kama kitako cha sufuria ya kuni.

Fundi wa kwanza: "Weka ya moto zaidi, kaka." Nikaweka D7EA. Kwa NGK, kampuni yenye namba hizi za plagi, namba ndogo ndiyo ya moto, kubwa ni ya baridi, wengi wanapindua. Na "moto" si ukali wa cheche: ncha yake hupoa taratibu, ndiyo maana huunguza masizi. Yakapungua kweli, nikatamba kijiweni. Mafuta yakaendelea kuliwa vilevile, na hiyo D7EA nayo ikaja kuwa nyeusi.

Fundi wa pili akapanua gapu, ile nafasi cheche inayoruka kati ya ncha mbili za plagi, hadi karibu milimita moja "ili cheche inenepe". Ukiilaza plagi juu ya hedi na kupiga kiki, cheche ilipendeza. Nikipanda mlima na abiria, injini inakatakata. Ndani ya silinda hewa imebanwa, cheche inaruka kwa taabu kuliko nje. Gapu likiwa pana, koili inayotoa umeme wa cheche inazidiwa. Hapa panatakiwa milimita 0.6 hadi 0.7. Geji sina, natumia bledi ya msumeno wa chuma: mgongo wake una unene wa kama 0.6. Usipimie kwenye meno, yametanuliwa. Ipite kwa kukwaruza kidogo, na upinde ncha ya pembeni tu. Ukisukuma ya katikati, kauri inapasuka.

Kilichoniokoa ni kuisoma plagi barabarani, si gereji. Injini ikinguruma taratibu mpaka kwa fundi, plagi inakuonyesha hali ya sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), siyo ya safari. Nilifunga D8EA mpya, nikaenda kilomita kadhaa gia ya tatu, mkono wa mafuta umezungushwa nusu, nisiachie. Halafu kwa mpigo mmoja: klachi ndani, swichi zima, pikipiki inateleza yenyewe hadi pembeni. Ingoje ipoe, maana ukifungua hedi ya alumini ikiwa ya moto, uzi wake unaweza kuchunika. Ikatoka nyeusi. Basi hata kwenye mwendo mafuta yalizidi hewa, na plagi haina kosa.

Sponji ya chujio la hewa ilikuwa tope tupu, na wenzo wa choki, inayopunguza hewa wakati wa kuwasha, haurudi mpaka mwisho. Nikafua sponji kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikaipaka oili kidogo na kuikamua, choki nikailainisha. Nikarudia jaribio: rangi ya chai ya maziwa, ndiyo inayotakiwa. Gharama yote haikufika bei ya plagi mbili.

Ukikuta nyeusi lakini imelowa na inang'aa, hiyo ni oili: ringi au sili za valvu zimechakaa. Nyeupe yenye vipele, kagua kwanza mpira kati ya kabureta na injini kama umepasuka, hewa inaingia kwa wizi. Usikubali plagi fupi kwa kuwa imeingia kwenye uzi. D8EA ina uzi wa milimita 19. Fupi inajificha shimoni, na masizi yanajaza uzi uliobaki wazi. Kufunga, mkono mpaka washa (ile pete ya plagi) iguse, kisha spana nusu mzunguko kwa plagi mpya. Iliyokwisha kutumika inataka kuguswa kidogo tu na spana.

D7EA ninayo bado, anayeihitaji kwa injini inayoihitaji aje achukue.