Wataenda Kwingine

Juzi usiku binti yangu alichukua simu yangu, akanirudishia ikiwa na picha ya kipepeo wa buluu aliyechomwa pini. "Baba, huyu anakaa wapi?"

Nikasoma. Hakai popote. Ni Xerces, aliyeishi kwenye matuta ya mchanga ya San Francisco, Marekani. Mji ukapanuka, matuta yakawa mitaa, na wa mwisho walionekana mwanzoni mwa miaka ya 1940.

"Si wangehama?"

Nikanyamaza, maana kwa mawazo nilikuwa nimerudi Urambo, Tabora, mwaka 1994, shoka la baba likilia kwenye mti wa mtundu.

Tulikuwa tunafungua shamba jipya la tumbaku kando ya mbuga. Magogo yalikuwa ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, na bani halishibi kuni. Kazi yangu ilikuwa kuburuta matawi na kulinda dumu la maji. Dumu lilikuwa linavuja. Saa sita mchana nilipoenda kunywa nikakuta tope lililo chini yake limefunikwa na vipepeo wadogo wa buluu, wamebanana, mabawa yamesimama, wote wamegeukia upande mmoja kama waumini kwenye safu. Ukiwatazama ubavuni ni kijivu tu, chenye vidoadoa. Nilipopiga hatua moja wakafunguka kwa pamoja, buluu ikanipanda hadi usoni. Mmoja akanasa kiganjani. Nilipomwachia vidole vilibaki na unga, nikaupaka kwenye kaptula nikamwonyeshe mama. Hadi jioni ulikuwa umegeuka uchafu wa kawaida.

Kesho yake tulikuwa tunachoma matawi. Nikamuuliza baba vipepeo itakuwaje. Hakusimamisha kazi. "Wataenda kwingine."

Nilimwamini. Hata mimi ile tumbaku ndiyo iliyonipeleka kwingine: ada ya sekondari, godoro, sanduku la bati.

Binti yangu nilimjibu kwa nilichosoma. Kiwavi wa Xerces hakula kila jani. Alitaka mimea michache ya jamii ya kunde iliyoota mchangani pale, na alikuwa na urafiki wake na sisimizi. Uhame, ufike, ukute hakuna chakula wala rafiki? Mwaka 2021 watafiti walipima vinasaba vya mmoja aliyekaa miaka 93 katika jumba la makumbusho la Chicago, wakathibitisha kuwa alikuwa spishi ya peke yake, si ndugu wa rangi tofauti. Sifa hiyo ilimfikia akiwa kwenye droo.

Wale wa dumu letu sikuwahi kujua jina lao. Huenda wamejaa tele mbuga ya pili. Huenda.

Jana nikampigia baba. Shamba analikumbuka vizuri, na marobota aliyokataliwa sokoni msimu ule anayataja moja moja, hasira bado mbichi.

"Na wale vipepeo, baba?"

"Vipepeo gani?"