Lori langu limepanda Kitonga jana usiku

Aisee limepanda! Wiki mbili nzima nahangaika na hili lori, jana kwenye saa saba usiku, na baridi ya hapa Uyole mpaka vidole havibonyezi vizuri, likaanza kupanda mlima polepole kama lori la kweli lenye mzigo, nikapiga kelele mpaka dada akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Gemu yenyewe ni lori linatoka Ruaha Mbuyuni linapanda Kitonga kwenda Iringa, unaliona kwa ubavuni, nimeiandika kwa lugha ya Python na Pygame, maktaba yake ya kutengenezea gemu. Ndio gemu yangu ya kwanza yenye picha.

Sasa tatizo. Tambarare linakimbia vizuri tu, likianza kupanda spidi inashuka kama inavyotakiwa, halafu ghafla linaganda. Mlio wa injini upo, spidi imeandikwa 50, lori halisogei hata pikseli moja, ile nukta ndogo ya skrini! Weka gia ya nyuma, spidi ileile, linashuka bila shida, tena haraka kuliko nilivyoliambia. Nikajua tu ni hesabu za mteremko. Nikazifuta nikaandika upya, mara tatu. Nikapunguza mzigo, wapi. Nikaongeza nguvu ya injini, likapanda kama pikipiki, na mimi sitaki hivyo, mtu aliyewahi kukaa nyuma ya malori pale Kitonga anaujua mwendo wenyewe.

Jana nikaacha kubahatisha, nikaiambia programu iniandikie x ya lori, yaani mahali lilipo kutoka kushoto kwenda kulia, kila fremu, kila picha inapochorwa upya. 200, 200, 200, 200. Nikachukua karatasi. Spidi ni pikseli 50 kwa sekunde, fremu ni 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu inaongezeka 0.83. Kumbe Rect ya Pygame, kile kisanduku kinachoshika mahali lori lilipo, inatunza namba nzima tu, desimali inakatwa! 200.83 inarudi kuwa 200, fremu inayofuata hivyohivyo, lori litakaa hapo mpaka asubuhi. Kurudi nyuma sasa, 200 toa 0.83 ni 199.17, ikikatwa ni 199, yaani linapewa pikseli nzima ambayo sio haki yake, ndio maana nyuma lilikuwa linakwenda 60 badala ya 50. Hesabu zangu za mteremko zilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na nimezifuta mara tatu, inauma kweli.

Dawa yake mistari miwili. Naitunza x pembeni kwa desimali, hesabu zote zinafanyika huko, Rect inapewa jibu wakati wa kuchora tu. Kwenye pygame-ce, toleo jingine la Pygame, kuna FRect inayokubali desimali moja kwa moja, nitaijaribu baadaye.

Halafu wanaoniambia nihamie kwenye programu kubwa za kutengenezea gemu, laptopu yangu ina RAM ya GB 4, na hapa nimejifunza kitu ambacho huko kingefanyika chinichini nisikione. Thonny, programu ninayoandikia kodi, inanitosha kabisa, unapita mstari kwa mstari unaona kila namba inavyobadilika, kwa anayeanza sijaona kizuri zaidi.

Leo ilikuwa zamu ya menyu na mafuta, ila asubuhi nikawakumbuka wale nyani wa Kitonga, basi menyu imesubiri. Nimeshachora mmoja, anakaa kwenye kingo ya barabara, lori likipita taratibu anaruka juu ya mzigo anaondoka na ndizi, ukikimbia hakupati. X yake ni desimali tangu mstari wa kwanza. Shida ni mkia, akiruka unachelewa fremu moja nyuma yake na bado sijajua kwa nini.