Tangi la boti Nungwi na kijiti cha nahodha

Ilikuwa mwaka 2019, kusi (upepo wa kutoka kusini) ndo linaanza kushika, nikaitwa Nungwi kwenye boti moja inayopeleka watalii kuvua. Boti ya fiber, injini ya dizeli ndani, tangi moja la aluminiamu la lita 300 limelazwa chini ya deki. Mwenye boti alikuwa Dar, akanambia kwa simu kwamba geji ya mafuta haieleweki na nahodha wake ameikataa kabisa, nenda kaangalie.

Nahodha nilimkuta ufukweni anakagua kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, maneno hayakuwa mengi, akanipandisha botini akaniwashia skrini. "Hiki kioo kinaongopa. Tukitoka kujaza kinasema hamna kitu. Tukishinda baharini tukachoma mafuta, kinapanda! Mimi naamini hiki hapa." Akachomoa kijiti cha mkoko cha kupimia mafuta, kimekatwa alama kwa kisu, na nikaona alama zake haziko sawa, za chini zimeachana sana halafu kadiri unavyopanda juu zinabanana. Alama hizo sikuziuliza muda ule lakini zilinikaa kichwani.

Mtu aliyezoea gari anaweza kuona hili jambo dogo, ila wale wanavulia kwenye mlango wa bahari kati ya Unguja na Pemba, na mkondo wa maji wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi ndo unakaza zaidi. Yani kwenda unasukumwa, kurudi Nungwi unapanda upepo na maji kwa pamoja. Skrini inayosema tangi limejaa wakati limekauka inaweza kukuacha unaelea na wageni.

Nikazima swichi kuu ya betri, nikaomba asiwepo mtu wa sigara karibu, nikafungua ubao wa deki. Senda (ile sensa ya tangi) imekaa kwa bolti tano, waya wa pinki na waya mweusi. Kwenye mafundi wa boti za Kimarekani pinki ndo waya wa senda ya mafuta, kwa hiyo hapo tu nilianza kuhisi senda ni ya Kimarekani. Nikaitoa taratibu. Ni bomba jembamba la chuma na boya linaloteleza juu yake, ndani ya boya kuna sumaku, ndani ya bomba kuna swichi ndogo ndogo na rezista (vizuizi vya umeme) zimepangwa kwa ngazi. Nikabana multimita (kifaa cha kupima umeme) kwenye zile waya mbili nikawa nasukuma boya kwa kidole. Chini kabisa ikasoma omu 240 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Nikilipandisha namba inashuka kwa hatua, inaruka, inasimama, inaruka, katikati ikawa 103 hivi, juu kabisa 33. Hio ni senda ya Kimarekani na ilikuwa nzima kabisa, haina kosa lolote.

Nikafuata waya mpaka kwenye adapta. Adapta kazi yake ni kusoma ule ukinzani na kuugeuza kuwa taarifa ya NMEA 2000, ndo lugha ambayo skrini, GPS na injini za boti zinaongea kwenye waya mmoja mkuu. Nilipoingia kwenye seting zake nikakuta imeambiwa senda ni ya Ulaya, yani omu 10 tupu na 180 limejaa. Sasa piga hesabu. Tangi likijaa senda inatoa 33, adapta inaiweka kwenye mizani ya 10 mpaka 180, inapata kama asilimia 14. Tangi likiisha inatoa 240, imepita kabisa 180, skrini inaandika limejaa. Nahodha alikuwa amesema kweli neno kwa neno! Na kilichowapoteza wote ni pale katikati, maana omu 103 kwenye mizani ya Ulaya inakupa asilimia 55, inaonekana sawa tu. Nadhani aliyefunga alikuta boya liko nusu, akaona 55, akaridhika akaondoka. Hata sasa mtu akinambia "nimeijaribu inasoma", namuuliza umeijaribu tangi likiwa wapi.

Kulikuwa na kitu kingine, skrini ilikuwa inapoteza data mara moja moja. Umeme ukiwa umezimwa nikapima kati ya waya mweupe na wa bluu wa ule waya mkuu, inatakiwa usome omu 60, kwa sababu kila mwisho una kizibo cha omu 120 na viwili vikiwa sambamba vinakupa 60. Nikapata 120. Kizibo cha upande wa omo (mbele ya boti) hakikuwepo. Nikaweka, hiyo ikaisha hapo hapo.

Nahodha alitaka geji ya zamani ya mshale ibaki, aliipenda. Nikamweleza senda moja haiwezi kulisha mshale na adapta ile kwa pamoja, kwa sababu mshale unapeleka umeme wake kwenye senda na adapta nayo inataka kupima kwa umeme wake, zikikutana zote mbili zinasoma uongo. Akanyamaza kidogo akauliza, "Na kijiti?" Nikamwambia nahodha, kijiti hakina waya, hicho kinabaki. Akakubali mshale utoke.

Nilipobadilisha seting kuwa ya Kimarekani skrini ikaanza kushuka na kupanda kama inavyotakiwa, na wapo wanaoishia hapo. Mimi sikutaka, kwa sababu ya zile alama za kijiti. Tangi lilitengenezwa kufuata umbo la boti, chini limechongoka kuelekea mkuku (uti wa chini wa boti), juu limepanuka. Senda inajua urefu wa mafuta tu, haijui lita. Boya likiwa nusu ya urefu skrini inasema asilimia 50, wewe unaona una lita 150, kumbe kwenye tangi lile zilikuwa kama 100. Na nahodha alikuwa analijua hilo kwa kisu chake, alikata kila alama baada ya kumimina dumu la lita 20, ndo maana chini dumu moja linapandisha sana na juu linapandisha kidogo.

Basi tukaamua kufanya kama yeye alivyofanya. Tukanyonya dizeli yote kwa pampu ya mkono tukaiweka kwenye madumu. Nilitaka kuanza saa ile ile, boti imekaa juu ya mchanga, ilikuwa bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana) na maji yamekupwa mbali. Nahodha akanizuia, akasema boti imelala ubavu na mafuta nayo yatalala ubavu, subiri maji yajae ielee. Alikuwa sahihi mia kwa mia. Tukasubiri, tukala muhogo na samaki, mpaka boti ikasimama sawa.

Kijana wake mmoja anamimina dumu, nahodha anachovya kijiti kwenye tundu la ukaguzi lililo pembeni ya senda, mimi nasoma omu na kuziingiza pamoja na lita zake kwenye jedwali la adapta. Dumu la kwanza senda haikujua kama kuna kitu, boya halifiki chini kabisa. La pili ikashtuka. Kuanzia hapo kila dumu lina namba yake, na kila tulipomaliza moja nahodha alikuwa anataja alama ya kijiti kabla sijamsomea namba, na vikawa vinaendana. Akaanza kutabasamu karibu na dumu la nane.

Kesho yake tukatoka baharini kuijaribu. Boti ikikimbia omo inanyanyuka, mafuta yanarudi tezi (nyuma) ambako senda imekaa, skrini inaongeza lita ambazo hazipo. Hilo halina seting, dawa ni kuipunguza mwendo ndo usome, au siku moja kuhamisha senda katikati ya tangi. Mawimbi nayo yalikuwa yanairusha namba juu chini, hapo nikaongeza muda wa adapta kuchukua wastani, ikatulia.

Ikabaki kengele ya mafuta kidogo. Mimi ningeweka lita 30, kama boti nyingi. Nahodha akasema weka 80, kusi likikaza ndo zinanirudisha nyumbani na za akiba kidogo. Nikaweka 80. Mwenye boti akanipigia baadae kuuliza mbona inalia mapema hivyo, nikamwambia hio namba kaitoa nahodha wako, ukitaka ishuke ongea naye kwanza.